Namba 925 Ndani ya Pete Yako, na Sarafu Zilizopita Ziwani

Ivue pete yako ya fedha uangalie upande wa ndani, unaogusa ngozi. Kama ni fedha ya kawaida ya madukani, kuna namba ndogo sana imegongwa humo: 925. Sonara akikwambia "hii ni tisa mbili tano", anamaanisha kwamba katika kila sehemu 1000 za ile pete, 925 ni fedha na 75 zilizobaki ni kitu kingine, kwa kawaida shaba. Kwa nini isiwe fedha tupu? Kwa sababu fedha tupu ni laini. Ukifua maji, ukabeba ndoo, ukashika usukani wa bodaboda, pete inapinda. Shaba kidogo inaikaza.

Lakini kwa nini 925 hasa, isiwe 900 au 950? Hapo hamna kemia, ni historia tu. Mwaka 1300 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliagiza kwamba vyombo vya fedha visiwe duni kuliko sarafu za nchi, na vipimwe na kugongwa alama ya kichwa cha chui. Sarafu hizo zilikuwa na wakia 11 na penni 2 za fedha katika kila ratili ya wakia 12. Wakia moja ni penni 20, kwa hiyo ratili nzima ni penni 240, na fedha ndani yake ni 222. Gawa 222 kwa 240, unapata 0.925. Yaani namba iliyo kwenye kidole chako leo pale Mwanza ilikuwa kwanza kanuni ya pesa. Sisi Waswahili tusishangae sana, maana neno letu ni moja kwa vyote viwili: fedha ya kuvaa na fedha ya kutumia.

Sasa tuje ziwani.

Speke alipofika maeneo ya Mwanza mwaka 1858, misafara ya bara haikununua chakula kwa fedha. Ilinunua kwa shanga, kwa vitambaa vya merikani, na kwa nyaya za shaba nyekundu na ya njano, ambazo watu walizigeuza vikuku. Upande wa Buganda kauri ndizo zilizotawala. Fedha ilibaki zaidi pwani, na huko sarafu kubwa ilikuwa reale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780 hata kama imetengenezwa miaka mia moja baadaye. Ilikuwa na gramu 28 hivi, fedha 833 kwa 1000. Mafundi wa Oman, Yemen na pwani yetu walikuwa wanaziyeyusha hizo reale na kufua mapambo. Fundi hakuwa na haja ya mgodi wa fedha, kwa sababu sarafu zenyewe zilimtosha.

Huku ziwani fedha iliingia kwa wingi na ukoloni, kwa jina la rupia. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia zake mwaka 1890, kwa uzito uleule wa rupia ya India: gramu 11.66, fedha 917. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1890 ikaja kodi ya nyumba, na baadaye serikali ikazidi kutaka ilipwe kwa sarafu. Reli ya Uganda ikafika Kisumu mwaka 1901, meli zikaanza kuvuka ziwa, na mizigo ya Mwanza ikawa inapitia Kisumu kwenda Mombasa. Upande wa Waingereza rupia, upande wa Wajerumani rupia. Hebu linganisha 917 na 925. Tofauti ni ndogo mno. Pete iliyofuliwa kwa rupia nzima, bila kuongezewa kitu, inakaribia kabisa pete ya kisasa ya dukani, ila haina muhuri.

Halafu vita. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, sarafu hazipatikani, na katika karakana ya reli Tabora wakapiga za kwao: heli 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Fedha haimo. Nchi ilifikia hali ya kuwa na sarafu ya dhahabu kwa kukosa ya fedha!

Kipande ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 1920. Kabla ya vita rupia ilikuwa na thamani ya penni 16 za Kiingereza. Baada ya vita bei ya fedha ikapanda ajabu, na Februari 1920 soko la London lilifika penni 89 na nusu kwa wakia. Wakia ya fedha gani? Ya 925, ndiyo iliyokuwa kipimo cha soko. Piga hesabu nami: wakia hiyo ina gramu 28.8 za fedha halisi, rupia ina 10.7. Kwa bei ile, chuma cha rupia peke yake kilikuwa na thamani ya penni 33 hivi. Na serikali ilikuwa inaihesabu rupia Afrika Mashariki kwa shilingi mbili, yaani penni 24. Kumbe aliyeyeyusha rupia alipata zaidi kuliko aliyeitumia dukani.

Serikali yoyote ikifika hapo inapunguza fedha kwenye sarafu. Uingereza yenyewe mwaka huohuo iliiacha 925 katika sarafu zake na kushuka hadi 500. Kwetu ikaja florini ya 1920, saizi ya rupia lakini fedha 500 tu. Haikudumu. Mwaka 1921 ikaanza shilingi ya simba na milima, gramu 7.78, fedha 250. Fuatilia kilichotokea kwa thamani ileile ya shilingi mbili: rupia ilibeba gramu 10.7 za fedha, florini 5.8, shilingi mbili za simba 3.9. Ndani ya miaka michache karibu thuluthi mbili ya fedha ilitoweka mikononi mwa watu, na kiasi cha kodi hakikuwa kimepungua kwa sababu hiyo. Shilingi zilizotoka kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Ni shaba na nikeli.

Kwa hiyo kama una pete ya bibi, na nyumbani wanasema "ilifuliwa kwa shilingi ya mkoloni", uliza ni shilingi ya lini. Ya 1924 ni robo fedha. Ya 1950 ina thamani ya ukumbusho tu. Ikiwa ni ya rupia, basi una fedha halisi, na mnunuzi asikupunje kwa kisingizio kwamba haina muhuri wa 925. Jihadhari pia na kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani: ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha kabisa.

Kuna njia ya kupima bila kuikwaruza. Mwanza na Geita wapo wanunuzi wa dhahabu wenye mizani inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Pima pete isiyo na jiwe. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, ning'iniza pete kwa uzi izame bila kugusa kikombe. Gawa uzito wa kwanza kwa namba unayoiona sasa. Fedha ya 925 au ya rupia itakupa karibu 10.3. Shilingi ya robo fedha 9.3 hivi. Shaba na nikeli 8.9. Sumaku haitoshi, kwa sababu shaba nayo hainaswi.

Na ule weusi? Wengi huku wanasema pete ikiwa nyeusi basi mwili una sumu, au kuna mtu amekutupia jicho. Ni kweli kwamba pete ileile hubadilika haraka kwa mtu mmoja na polepole kwa mwingine, maana jasho hutofautiana. Lakini weusi wenyewe ni salfaidi ya fedha: fedha imekutana na salfa. Na salfa kando ya ziwa haikosekani. Ipo kwenye mayai, vitunguu, samaki anayeharibika, moshi, na ile harufu ya yai viza inayotoka kwenye tope na magugu maji yanayooza ufukweni. Joto na unyevu vinaharakisha. Haikupimi figo. Kidole kikiwa kijani, hiyo ni ile shaba.

Kuusafisha, chukua sufuria ya alumini iliyozeeka ambayo hupikii tena, maji ya moto, kijiko cha magadi na chumvi kidogo. Pete iguse alumini. Baada ya dakika chache utasikia harufu ya yai viza, na weusi unaondoka. Alumini inaichukua ile salfa na fedha inabaki kwenye pete yako. Ukisugua kwa jivu au dawa ya meno, unaondoa weusi pamoja na fedha yenyewe, kidogo kidogo kila mara, hadi nakshi zinafutika. Pete yenye tanzanaiti au lulu usiitie humo. Ifute kwa kitambaa laini. Ukifua kwa jiki, ivue kwanza. Siku nyingine vaa tu, maana fedha inayovaliwa kila siku hujisugua yenyewe na huchelewa kuwa nyeusi kuliko ile iliyofungiwa kabatini.

Ya bibi, kama ina nakshi, mimi ningeacha weusi kwenye mistari ya ndani. Ndio unaofanya maua yaonekane.