Mrija wa Kuangalia Mapafu: Madaktari Walivyojifunza, na Mama Aulize Nini

  Leo tutazungumza juu ya kipimo ambacho kikitajwa hospitalini huwatia watu wengi hofu. Daktari huingiza mrija mwembamba kwenye njia ya hewa ili aone mapafu kwa ndani. Kipimo hiki huitwa bronkoskopi.

Hapa kwetu Utange, mama akiambiwa mgonjwa wake avuke Nyali aende hospitali kubwa kwa ajili ya kipimo hiki, huuliza mambo mawili. La kwanza, "Mrija huo hautamziba pumzi?" La pili husemwa kwa sauti ya chini: "Yule daktari kijana anajua kazi, ama anajifunzia kwa mwanangu?" Maswali haya ni ya haki. Ili kuyajibu, turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Zamani, mtu akipaliwa na kitu kikazama mpaka kwenye mapafu, hakuwa na msaada mkubwa. Wengine walikikohoa kikatoka. Wengine pafu lilijaa usaha wakafa. Mwaka wa 1897, katika mji wa Freiburg huko Ujerumani, daktari Gustav Killian alimtibu mkulima mwenye umri wa miaka 63 ambaye mfupa ulikuwa umekwama katika tawi la kulia la njia yake ya hewa. Killian alipitisha mrija wa chuma ulionyooka mdomoni mwa mgonjwa, akauona mfupa, akautoa kwa koleo bila kumpasua kifua. Habari ilienea, na madaktari wa nchi nyingine wakaenda kwake kujifunza.

Huko Marekani, daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia aliiendeleza kazi hiyo. Alitengeneza mrija wenye taa ndogo kwenye ncha yake. Katika maisha yake alitoa vitu zaidi ya 2,000 kwenye makoo na vifua vya watu, wengi wao wakiwa watoto: pini, sarafu, vifungo, mifupa, mbegu. Vitu 2,374 vya mkusanyiko wake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter mjini Philadelphia. Jackson alisisitiza mambo mawili. Mkono wa daktari lazima ufanyishwe mazoezi kabla ya kumgusa mtoto, na yeye alitumia hata mwanasesere kwa mazoezi hayo. Jambo la pili aliwaambia wazazi: msiwape watoto wadogo karanga.

Mrija wa chuma ulikuwa na kasoro. Haupindiki, na matawi ya mapafu yamepinda kama matawi ya mwembe. Aliyeitatua shida hiyo ni daktari Shigeto Ikeda wa Japani, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua ujanani. Mwaka wa 1966 alionyesha mrija mwembamba uliotengenezwa kwa maelfu ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga na picha. Mrija huo ulipindika, na ncha yake iliweza kugeuzwa juu na chini kwa kidole gumba. Mwaka wa 1987 ilikuja mirija yenye kamera, na picha ikaonekana kwenye skrini kama ya televisheni.

Hilo la skrini lilisaidia sana mafunzo. Mwanzoni aliyeona ni mmoja tu, yule aliyeweka jicho kwenye mrija, na mwalimu hakujua mwanafunzi anatazama nini. Kwa skrini, mwalimu, mwanafunzi na muuguzi wote wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akianza kupotea njia, mwalimu anamrudisha papo hapo.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tulihitaji ufundi huu kwa nini? Sababu kubwa moja ni ukimwi na kifua kikuu. Wagonjwa wengi walikohoa, makohozi yao yakapimwa, na kifua kikuu hakikuonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 kutoka hospitali ya Mbagathi, Nairobi, ulieleza jinsi wagonjwa wa namna hiyo walivyoingizwa mrija, mapafu yakaoshwa kwa maji kidogo, na maji yale yakapimwa. Zaidi ya theluthi moja walikutwa na homa ya mapafu ya aina nyingine, iletwayo na kuvu iitwayo Pneumocystis. Dawa yake kuu ni septrini kwa kiwango kikubwa, wala si dawa za kifua kikuu. Tazama basi: bila mtu aliyefunzwa kushika mrija, mgonjwa angeweza kumeza dawa isiyo yake huku anakwisha.

Lakini kwa miaka mingi daktari wetu aliyetaka kubobea katika mapafu alilazimika mara nyingi kusafiri mbali. Mwaka wa 2013 majirani zetu wa Ethiopia walianza njia nyingine. Katika hospitali ya Tikur Anbessa, yaani Simba Mweusi, mjini Addis Ababa, yalianzishwa mafunzo ya miaka miwili ya magonjwa ya mapafu. Walimu kutoka ng'ambo walikuja kwa zamu, na madaktari wenyeji wakajifunza palepale, kwa wagonjwa wao na vifaa vyao. Wa kwanza walihitimu mwaka wa 2015, na baadhi yao wakawa walimu wa waliofuata. Faida yake ni kwamba mgeni akiondoka, ujuzi unabaki.

Sasa turudi kwenye swali la mama: yule daktari kijana alijifunzaje? Kwanza husoma ramani ya mapafu mpaka aijue kwa moyo: pafu la kulia lina sehemu tatu kubwa, la kushoto lina mbili, na kila moja ina matawi yake. Kisha hufanya mazoezi kwenye kifua cha mpira au mashine ya kuigiza. Halafu hutazama mwalimu akifanya. Ndipo anaposhika mrija mwenyewe, mwalimu akiwa ubavuni. Mwaka wa 2003 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilishauri mwanafunzi afanye angalau mara 100 chini ya uangalizi. Baadaye walimu waliona kuhesabu peke yake hakutoshi. Ni lazima pia apimwe hatua kwa hatua kama kweli anajua. Ni kama nahodha wa jahazi: hukaa na nahodha mkubwa kwanza, hapewi usukani siku ya kwanza.

Nasi wauguzi tuna sehemu yetu. Tunaangalia pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa muda wote, na mrija lazima usuguliwe na kutiwa dawa ya kuua viini kila baada ya mgonjwa mmoja. Mrija usiosafishwa vizuri unaweza kupitisha maradhi.

Kuhusu pumzi: mrija unaopindika ni mwembamba kuliko njia ya hewa, kwa hiyo hewa hupita pembeni yake. Kwa mtoto hutumiwa mrija mdogo zaidi. Na kama mtoto amepaliwa na kitu, mara nyingi madaktari bado hutumia mrija wa chuma, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Mama, kabla ya kutia sahihi uliza haya, nawe usione haya:
- Kipimo hiki kinatafuta nini kwa mwanangu?
- Ni nani atakayefanya, na kama anajifunza, ni mkubwa gani atakayesimama naye?
- Atapewa ganzi au dawa ya usingizi?
- Asile wala kunywa kuanzia saa ngapi, na ataanza tena lini?

Na nyumbani tuzuie tunaloweza kuzuia. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, korosho nzima, wala mabuyu yenye kokwa. Asile akikimbia au akicheka.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, ita msaada. Mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano. Isipotoka, aliye chini ya mwaka mmoja mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara tano. Aliyezidi mwaka mmoja, simama nyuma yake, mbonyeze tumbo juu ya kitovu kwa ndani na juu mara tano. Rudia. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona.

Na hili mlishike sana: mtoto aliyepaliwa kisha akatulia, hajapona mpaka apimwe. Karanga inaweza kukaa kwenye pafu majuma kadhaa, na kwenye picha ya eksrei isionekane. Akiwa na kikohozi kisichokwisha, au kifua kinapiga filimbi upande mmoja, mwambie mhudumu wa afya siku aliyopaliwa na alikuwa anakula nini. Neno lako hilo ndilo linaloweza kumfanya daktari aamue kuchukua mrija.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na kwenye chama:
1. Ni vyakula gani vya watoto wetu vinavyoweza kuwapalia?
2. Nani hapa nyumbani anajua kumsaidia mtoto aliyepaliwa? Yaya je?