Majina ya Kigaeli ya Milima ya Cairngorms, Uskochi

Wazungumzaji wa Kigaeli walioishi hapa waliangalia sana rangi. Safu nzima waliiita Am Monadh Ruadh, yaani milima myekundu, kwa wekundu wa mawe yake ya itale. An Càrn Gorm, wenye mita 1,245, ni mlima wa mawe wa buluu: utazame ukiwa mbali. An Lochan Uaine ni kiziwa cha kijani, na maji yake ni ya kijani hadi leo.

Ukikuta neno “ruighe” kwenye ramani, simama kidogo. Huenda palikuwa malisho ya majira ya joto, ambako wanawake na vijana walichunga ng’ombe, wakatengeneza siagi na jibini. Misingi ya vibanda vyao ingalipo mahali pengi. Tafadhali usiondoe mawe yake.