Ubini wa Mtoto wa Kulea

Fomu nyingi za shule zina mstari mmoja wenye maneno mawili: "Mzazi/Mlezi". Hapo ndipo ubini, yaani jina la baba linalofuata jina la mtoto, hupotea. Mjomba aliyemchukua mpwa wake baada ya msiba humwandikisha kwa jina lake mwenyewe, tena kwa mapenzi tu, na mtoto anasoma hadi kidato cha nne kwa ubini usio wake. Akienda kuomba kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa kinasema jingine. Hapo tena ni viapo na hati za kubadili jina.

Kwa Waislamu wa pwani jambo hili lina hukumu yake: anayelelewa hubaki na jina la baba aliyemzaa. Zaid, aliyelelewa na Mtume, aliitwa bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya Sura ya Al-Ahzab, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Malezi ya aina hii, kafala, yanatambuliwa na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022.

Wala mapenzi hayapungui. Baba mdogo huitwa baba siku zote, na ubini hauguswi. Walezi, jazeni jina lenu penye mlezi. Ubini mwachieni mtoto.