Nyasi za Rweya na Unyevu wa Kibanja
Mwambao wa Bukoba na Muleba, unaopakana na Ziwa Viktoria, hupata mvua nyingi, takribani milimita 2,000 kwa mwaka katika mji wa Bukoba, ingawa kiasi hicho hupungua upesi kadiri mtu anavyoelekea magharibi. Wingi huo usimpumbaze msomaji wa historia, kwani udongo wa huko, uliotokana na mawe ya mchanga, ni hafifu na hupitisha maji haraka, hivi kwamba kiangazi cha Juni hadi Agosti hutosha kuukausha. Juu ya udongo huo Wahaya walijenga kilimo cha migomba kilichodumu kwa karne nyingi, na ufundi wao haukuwa wa mifereji bali wa kutunza unyevu.

Kibanja, yaani shamba la kudumu linaloizunguka nyumba, kilitegemea rweya, ambayo ni mbuga ya nyasi iliyo nje ya makazi, mahali pa malisho na pa vishamba vya njugu mawe vilivyolimwa na wanawake. Nyasi zilizokatwa rweya zilitandikwa sakafuni mwa msonge, zikakanyagwa na watu pamoja na ng'ombe waliolala humo humo, kisha zilipochakaa zikatolewa na samadi yake na kutandazwa chini ya migomba, ambako ziliukinga udongo na jua, zikavunja nguvu ya matone ya mvua, na zilipooza zikawa mboji, yaani masalia ya mimea na wanyama yanayoshika maji. Rutuba ya kibanja ilikuwa, kwa hakika, rutuba ya rweya iliyobebwa vichwani mwa watu.

Mfumo huo ulianza kutikisika pale sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoikumba Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilipofyeka mifugo, na samadi ikapungua. Kahawa, ambayo Wahaya waliitafuna tangu zamani, ilienea vibanjani chini ya utawala wa Waingereza ikiwa zao la biashara, ikagombea matandazo yale yale na migomba. Kanuni za serikali kuhusu utunzaji wake zilizusha ghasia mwaka 1937. Baadaye watu waliongezeka, na sehemu za rweya zikapandwa miti na chai, hata nyasi zikawa adimu.

Pembe za kibanja zisizopata nyasi wala samadi ziligeuka kikamba, yaani kibanja kilichochoka, kinachopandwa mihogo na mahindi, huku migomba iliyo karibu na nyumba, yanakotupwa maganda ya ndizi na majivu ya jikoni, ikiendelea kustawi chini ya mvua ile ile.