Halo za nebula: namna ya kutafuta mwanga hafifu unaozunguka nyota inayokufa

Wavuvi wa Kalundu wanajua: mwezi ukiwa mpevu, taa za ndagala hazisaidii kitu, sababu mwanga umeenea ziwa lote. Wanaotafuta halo za nebula za kisayari nao wanangoja giza hilohilo.

Nebula hizo hazihusiani na sayari. William Herschel ndiye alizipa jina katika miaka ya 1780, sababu kwenye darubini yake zilionekana duara kama sayari. Kumbe ni gesi inayotupwa na nyota ya aina ya Jua inapokaribia kufa. Jua letu nalo litafika hapo, baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Katikati ya nebula kunang'aa. Nje yake, mara nyingi kuna halo, ni kusema gesi ambayo nyota ilitoa zamani zaidi. Mwanga wake unaweza kuwa hafifu mara 1,000 kuliko wa katikati. Halo ya nebula inayoitwa Jicho la Paka (NGC 6543) ina upana wa miaka ya mwanga 3 hivi.

Kuipata kunadai uvumilivu. Picha nyingi za eneo moja zinapigwa kwa saa nyingi, kisha zinajumlishwa. Kichujio kinapitisha mwanga wa oksijeni au hidrojeni peke yake. Lakini kuna mtego: mwanga unaotawanyika ndani ya darubini unaweza kujifanya halo. Kwa hiyo wanapiga pia picha ya nyota ya kawaida, wanalinganisha.

Faida yake ni nini? Halo inatunza historia ya nyota. Julai 2022, darubini ya James Webb ilionyesha mikunjo nje ya nebula NGC 3132. Desemba mwaka huo, kundi la Orsola De Marco lilieleza kwamba nyota ile ilikuwa na wenzake, na baadhi yao hawaonekani kabisa.

Kutoka Uvira, NGC 3132 inapita upande wa kusini, juu ya ziwa, jioni za Machi na Aprili. Darubini ndogo inaonyesha katikati yake tu. Halo inabaki kazi ya kamera. Mwenye kujaribu achague usiku usio na mwezi, ageukie kusini, taa za Bujumbura zibaki mashariki.