Kichakataji na Kumbukumbu: Historia ya Mizani na Funzo Lake kwa Istilahi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya waundaji wa istilahi, yako yanayoonekana madogo, lakini yakichunguzwa hudhihirika kuwa yamebeba fedha na kazi za watu. Swali moja la namna hiyo lilitufikia kutoka ofisi moja ya umma. Waraka wa zabuni uliotafsiriwa kwa Kiswahili ulitaka kompyuta zenye "kumbukumbu ya gigabaiti 500". Muuzaji akaleta mashine zenye diski za kiasi hicho hasa, lakini uwezo wake wa kushika kazi iliyo mkononi ulikuwa gigabaiti 4 tu. Mashine mpya zikawa nzito kuliko zile zilizoondolewa. Muuzaji hakusema uongo. Neno moja lilibebeshwa mizigo miwili, naye akachagua ule uliokuwa mwepesi kwake.

Haukupita muda mrefu, mwalimu mmoja akatuletea swali la mwanafunzi wake, kijana aliyekuwa akijiundia kompyuta ya michezo kwa vipande alivyovinunua kimoja kimoja. Kijana huyo alikuwa na akiba ya kununua kitu kimoja tu. Je, anunue kichakataji kipya, au aongeze kumbukumbu? Mwalimu alitaka kumjibu kwa Kiswahili, akaona maneno hayamtoshi.

Maswali haya mawili yana mzizi mmoja. Katika makala haya tutajaribu kuufuata mzizi huo katika historia ya mashine zenyewe, kwani ni vigumu kukipa kitu jina linalokifaa pasipo kujua kazi yake na namna kilivyofikia kuwa kama kilivyo.

I. Korona na uga wa majani

Neno "chakata" tumelizoea katika mashamba ya mkonge kabla ya kulisikia katika kompyuta. Majani ya mkonge hukatwa shambani, hufungwa matita, hupakiwa na kuletwa kiwandani, ambako hulundikwa karibu na mashine iitwayo korona. Korona huyaponda na kuyakwangua, zikabaki nyuzi. Basi hata korona ingekuwa na nguvu kiasi gani, haiwezi kuchakata jani ambalo halijafika mbele yake.

Kichakataji, ambacho wengi hukiita prosesa, ndicho korona ya kompyuta. Diski ni shamba: ni kubwa, huhifadhi mengi, lakini iko mbali. Kumbukumbu ni ule uga ambapo majani husubiri zamu. Uga huo una sifa mbili ambazo hazina budi kutenganishwa: ukubwa wake, na wepesi wa kuyatoa majani kutoka hapo hadi kwenye meno ya mashine. Sehemu kubwa ya historia tutakayoisimulia ni habari ya sifa hizo mbili, na jinsi watu walivyoitazama moja wakaisahau nyingine.

II. Ndoa iliyofungwa mwaka 1945

Mwezi Juni 1945 John von Neumann aliandika rasimu ya taarifa kuhusu mashine iliyoitwa EDVAC. Humo alieleza mpango ambao kompyuta nyingi zinaufuata hadi leo: maagizo na takwimu vikae pamoja katika kumbukumbu moja, na sehemu ya kukokotoa ivichukue kutoka humo. Tarehe 21 Juni 1948, huko Manchester nchini Uingereza, mashine ndogo ilitekeleza kwa mara ya kwanza programu iliyohifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake ya kielektroniki.

Tangu siku hiyo kichakataji na kumbukumbu vikawa kama mume na mke: hakuna awezaye kuendesha nyumba peke yake. Lakini kumbukumbu ilikuwa ghali na haba. Mwaka 1962 mashine ya Atlas, hukohuko Manchester, ilizinduliwa ikiwa na hila mpya: kumbukumbu ilipojaa, sehemu ya yaliyomo ilihamishiwa kwenye pipa la sumaku lililozunguka, kisha ikarudishwa ilipohitajika. Hila hiyo ingali ikitumika, ingawa pipa limeachia nafasi diski. Ni msaada mkubwa, lakini una gharama: kila safari ya kwenda shambani humfanya korona angoje.

Mwaka 1968 Robert Dennard wa IBM alipata hataza ya kumbukumbu ambayo kila biti moja hushikwa na transista moja na kihifadhi chaji kimoja. Mwaka 1970 kampuni ya Intel iliuza chipu ya kumbukumbu iliyoitwa 1103, yenye biti 1,024. Mwaka uliofuata, 1971, kampuni hiyohiyo ilitoa 4004, kichakataji kizima katika chipu moja chenye transista zipatazo 2,300. Hivyo korona na uga viliuzwa kama chipu mbili mbalimbali, na mnunuzi akapata uwezo wa kuchagua kipi akiongeze.

III. Enzi ya kilobaiti

Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta za nyumbani, jibu lilikuwa jepesi: ongeza kumbukumbu. Mwaka 1981 Sinclair ya Uingereza ilitoa ZX81 yenye kilobaiti 1 tu. Mchezo wa 3D Monster Maze, uliotungwa na Malcolm Evans, ulihitaji kilobaiti 16. Mchezaji alilazimika kununua kisanduku cha kuchomeka nyuma ya mashine. Kichakataji kilibaki kilekile. Kilichobadilika ni nafasi ya kufanyia kazi, na kwa nafasi hiyo pekee jambo lisilowezekana likawezekana. Kisanduku hicho kilikuwa na sifa mbaya: kikitikisika kidogo, mashine huzimika na kazi yote hupotea.

Mashine za wakati huo zilijisifu kwa kumbukumbu hata katika majina yake. Commodore 64, ya mwaka 1982, ilipewa nambari hiyo kwa sababu ya kilobaiti zake 64. Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotolewa Agosti 1981 kwa kichakataji cha megahezi 4.77, iliuzwa kuanzia kilobaiti 16, ikimwachia mnunuzi kuongeza kadiri ya mfuko wake.

Wakati huo sisi Tanzania tulikuwa katika hali nyingine. Kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha; mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, zuio lililolegezwa baadaye. Kwa maoni yetu, jambo hili lina athari katika lugha. Wenzetu walioishi na kisanduku cha kilobaiti 16 walijifunza kwa uchungu tofauti ya uga na shamba. Kwetu vitu hivyo viliwafikia watu wengi kwa pamoja, ndani ya kasha moja lililofungwa, na haikuwa ajabu neno moja kubandikwa juu ya viwili.

IV. Majibu mawili yanayopingana

Tarehe 10 Desemba 1993 ulitolewa mchezo wa Doom. Ulihitaji kichakataji cha daraja la 386 na megabaiti 4 za kumbukumbu. Mwenye megabaiti 2 hakuweza kuucheza hata kama kichakataji chake kilikuwa bora. Kwake yeye, jibu lilikuwa kumbukumbu. Mwenye megabaiti 4 na 386 aliweza kuucheza, lakini picha zilikwenda kwa kukwamakwama. Kwake yeye, jibu lilikuwa kichakataji cha 486. Mchezo mmoja, wachezaji wawili, majibu mawili, na yote sahihi.

Tena bei nayo ilikuwa na kauli. Tarehe 4 Julai 1993 moto uliunguza kiwanda cha Sumitomo Chemical katika mji wa Niihama, Japani, kilichokuwa kikitengeneza sehemu kubwa ya utomvu maalumu wa kufunikia chipu. Bei ya kumbukumbu ilipanda ghafla duniani. Mtu aliyekuwa amekusudia kuongeza megabaiti chache alijikuta akilipia moto wa mji asioujua.

Mwaka 1996 ukaja Quake, na mizani ikalalia upande wa pili. John Carmack na Michael Abrash waliutunga ili utumie uwezo wa Pentium wa kukokotoa namba za desimali huku ukiendelea na hesabu nyingine. Kichakataji cha Cyrix 6x86, kilichokuwa hodari katika kazi za ofisini, kilibaki nyuma katika mchezo huo kwa sababu udhaifu wake ulikuwa katika hesabu hizo hasa. Kumwongezea mchezaji huyo kumbukumbu kungekuwa sawa na kupanua uga ilhali meno ya korona ni butu.

V. Ukuta

Wakati watu wakihesabu megabaiti na megahezi, jambo jingine lilikuwa likikua kimyakimya. Mwaka 1995 William Wulf na Sally McKee wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha makala fupi wakionya kwamba kasi ya vichakataji ilikuwa ikikua upesi mno kuliko kasi ya kumbukumbu, hata itafika siku mashine itagonga ukuta: kichakataji kitatumia muda mwingi kikingoja kuliko kufanya kazi. Onyo hili lilihusu ile sifa ya pili ya uga, yaani wepesi wa kuyatoa majani.

Dawa iliyotumika ilikuwa kuweka uga mdogo sana, mwepesi sana, ubavuni mwa korona. Chipu ya 486 ya mwaka 1989 ilikuwa tayari na kilobaiti 8 za namna hiyo ndani yake. Sisi tumeiita "kumbukumbu ya ubavuni". Wengine husema kache.

Somo lililo wazi zaidi lilitolewa mwaka 1998. Mwezi Aprili Intel ilitoa Celeron ya megahezi 266, ambayo kwa ajili ya kupunguza bei ilinyimwa daraja la pili la kumbukumbu ya ubavuni. Ilisutwa kila upande kwa uzito wake. Mwezi Agosti ikatoka Celeron 300A: moyo wake ulikuwa wa ukoo uleule, lakini iliongezewa kilobaiti 128 za kumbukumbu hiyo, zikienda kwa kasi ya kichakataji chenyewe. Ikawa kipenzi cha wachezaji; wengi waliiendesha kwa megahezi 450 na kushindana na chipu zilizouzwa kwa bei ya juu mno. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Somo hilohilo lilirudi Aprili 2022, AMD ilipotoa Ryzen 7 5800X3D. Kwa kipimo cha gigahezi ilikuwa nyuma ya ndugu yake 5800X, lakini ilikuwa na megabaiti 96 za kumbukumbu ya ubavuni ya daraja la tatu badala ya 32. Katika michezo mingi mwenye mbio ndogo alimpita mwenye mbio kubwa, kwa sababu alingoja kidogo. Hapa swali la "kichakataji au kumbukumbu" linapoteza mipaka yake: mnunuzi wa chipu hiyo alinunua kichakataji, lakini alicholipia hasa kilikuwa kumbukumbu.

VI. Jibu kwa kijana, na jibu kwetu

Tulimjibu mwalimu hivi. Kwanza, kijana aangalie wakati wa kucheza kama kumbukumbu inajaa. Ikiwa inajaa na mashine inakimbilia diski, aongeze kumbukumbu. Hakuna kichakataji kitakachomwokoa. Ikiwa haijai, kuongeza nafasi hakutamletea kitu, kwani uga mtupu hauongezi nyuzi. Hapo atazame kama kichakataji kinafanya kazi kwa nguvu zake zote huku kadi ya picha ikingoja. Ikiwa ndivyo, anunue kichakataji. Na ikiwa kadi ya picha ndiyo iliyoelemewa, kama ilivyo mara nyingi katika michezo ya leo, basi akiba yake aielekeze huko. Mwisho, asipuuze bei za wakati: mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda tena, safari hii kwa sababu ya mahitaji makubwa ya mashine za akili mnemba.

Jibu la waundaji wa istilahi ni gumu zaidi. Neno "kumbukumbu" lina shughuli nyingi katika ofisi zetu. Karani huliandika kwa kifupi, "Kumb. Na.", juu ya kila barua, katibu huandika kumbukumbu za mkutano, taifa huadhimisha kumbukumbu za mashujaa. Katika maana zote hizo kumbukumbu ni kitu kinachodumu. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ya kazi hufutika pindi umeme ukikatika. Si ajabu basi msomaji wa kawaida, akisikia "kumbukumbu", akafikiria diski: lugha yake imemfundisha hivyo.

Wako waliopendekeza "kumbukizi" ili kuepuka mgongano huu, na hoja yao ina uzito. Sisi tunaona kwamba "kumbukumbu" limekwisha kuota mizizi na kuling'oa ni taabu. Tunapendekeza hivi: diski na vifaa vya jamii yake viitwe "hifadhi" daima, visiitwe kumbukumbu kamwe, na katika nyaraka zenye kugharimu fedha, mtafsiri aandike "kumbukumbu ya kazi" kwa ukamilifu, hata kama nakala asilia imetumia neno moja. Kuhusu "kichakataji" na "prosesa", yote mawili yaendelee, kwa kuwa hakuna anayepata hasara kwa kuyachanganya.

Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza. Visawe viwili vya kitu kimoja ni utajiri unaovumilika. Neno moja kwa vitu viwili vyenye bei mbalimbali ni deni, na mara nyingi anayelilipa ni mwananchi ambaye hakuwapo tulipokuwa tukichagua. Ofisi ile ililipa deni hilo kwa mashine zinazokwenda kwa kusuasua. Yule kijana, kwa kuwa alikuwa na mwalimu aliyesita kabla ya kumjibu, hakulilipa.