Maorki: Swali Lililomshinda Tolkien

J.R.R. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa dhati, na imani hiyo ndiyo iliyomtia mashakani kuhusu viumbe aliowabuni mwenyewe. Katika The Lord of the Rings (1954–1955), Maorki ni jeshi la viumbe mfano wa mazimwi, wakatili tangu kuzaliwa. Mashujaa huwafyeka bila kuulizwa na mtu. Lakini dini ya Tolkien ilimfundisha kwamba uovu hauwezi kuumba, huharibu tu kilichokwisha kuumbwa. Basi Maorki walitoka wapi? Na kama wana nafsi, mbona hatuoni hata mmoja akitubu?

Mwaka 1954 Mkatoliki mwenzake, msimamizi wa duka la vitabu mjini Oxford, alimwandikia kumhoji juu ya mambo kama hayo. Tolkien akaandika jibu refu, kisha hakulituma. Kwa miaka mingi aliendelea kuhangaika: mara Maorki ni Waelfi, viumbe wengine wa hadithi zake, waliotekwa na kuteswa hata wakaharibika, mara ni wanadamu, mara ni wanyama waliofundishwa kusema. Alifariki mwaka 1973 bila kuamua. Wazo la Waelfi ndilo lililoingia katika The Silmarillion, iliyochapishwa na mwanawe mwaka 1977.

Na bado kalamu yake ilikuwa imekwisha kumpa jibu. Katika sura ya mwisho ya kitabu cha nne cha The Lord of the Rings, manahodha wawili wa Kiorki, Shagrat na Gorbag, wanapiga soga. Wanawalalamikia wakubwa wao. Wanaota vita viishe, watoroke na vijana wachache wa kuaminika, wakaishi mahali penye ngawira na pasipo na bosi. Ni majambazi, sawa. Lakini anayechoshwa na vita na kupanga maisha ya baadaye hawezi kuwa chombo tupu cha uovu. Tolkien, aliyepigana Somme mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, aliyajua vizuri malalamiko ya askari.

Suala zito zaidi ni maumbile ya Maorki. Katika barua ya mwaka 1958 aliwaeleza kuwa na pua bapa, ngozi ya manjano na macho ya mshazari, akawafananisha na Wamongolia wasiopendeza machoni pa Wazungu. Huyu ndiye aliyeandika mwaka 1938, kwa hasira, kumjibu mchapishaji wa Ujerumani aliyetaka kujua kama ana damu ya Kiarya. Aliuchukia ubaguzi wa Wanazi, na bado picha aliyorithi kwa jamii yake ya nani anatisha ilipenya mpaka kwenye hadithi.

Waliomfuata walichukua Maorki wakaacha mashaka yake. Mchezo wa Dungeons & Dragons ulianza Marekani mwaka 1974, na kitabu chake cha viumbe cha 1977 kikaandika uovu wa Maorki kama sifa ya aina yao, sawa na idadi ya meno. Mwaka 2020 ndipo wachapishaji wake walipokiri hadharani kwamba Maorki walikuwa wamechorwa kwa namna inayokumbusha dharau walizofanyiwa watu halisi. Katika kanuni za 2024 neno "mbari" limeondolewa, na mchezaji anaweza kuchagua kuwa Mworki, mwema au mwovu apendavyo. Wapo wanaolalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Mimi nasema umechelewa miaka hamsini.